Ngeli, Kiundwa na Jina Liitalo: Uhakiki wa Istilahi za Programu kwa Mizani ya Njia ya Tabora

Utangulizi

Istilahi haiwi njema kwa sababu imo katika kamusi, wala haiwi mbaya kwa sababu sikio halijaizoea. Hupimwa kwa kazi yake. Mwenye kuisikia kwa mara ya kwanza, je, huelekezwa kwenye dhana au hupotezwa njia? Katika makala haya nakusudia kupima kwa kipimo hicho maneno machache ya fani ya uandishi wa programu za kompyuta, hasa yale yahusuyo jambo moja: programu kupewa jina tu, lililoandikwa kwa herufi, na kwa jina hilo ikaunda kitu ambacho mwandishi wake hakukitaja alipokuwa akiiandika.

Pengine msomaji atauliza jambo hili lamhusu nini mfasiri wa hati za ofisi, au mwalimu wa Kiswahili, au mtumishi wa serikali. Lamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, kompyuta si ngeni tena katika kazi zetu. Serikali ya Tanzania iliweka kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Ingawa mwaka 1974 uingizaji wa mashine hizo nchini ulipigwa marufuku, marufuku hayo yalikwisha ondoka, na leo hapana idara isiyozitegemea. Pili, maneno tuliyoyaunda hadi sasa kwa sehemu kubwa ni ya mtumiaji: faili, kufuta, kuhifadhi, kuchapa. Maneno ya yule aandikaye programu yenyewe bado yanayumba. Kijana anayetaka kujifunza kazi hiyo kwa Kiswahili hukutana na maneno yaliyookotwa kamusini bila kuulizwa yanafanya kazi gani, naye hulipa gharama ya uzembe huo kwa kutokuelewa.

Kazi yenyewe ilivyo

Mwaka 1967, mwaka ule ule sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa ilipopitishwa, Wanorwe wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walikuwa mjini Oslo wakiitengeneza lugha ya programu iitwayo Simula 67. Katika lugha hiyo waliingiza mawazo mawili ambayo lugha nyingi zilizofuata zimeyarithi. La kwanza ni lile ambalo Kiingereza hulitaja kwa neno 'class': maelezo yanayosema kitu cha namna fulani kina sifa zipi na kinaweza kufanya nini. La pili ni 'object': kitu chenyewe kinachoundwa kwa kufuata maelezo hayo, chenye thamani zake peke yake.

Tuchukue programu ya ghala. Mwandishi ataeleza mara moja tu kwamba kila kitambaa kina rangi, urefu na bei, na kwamba kinaweza kupimwa na kukatwa. Maelezo hayo si kitambaa. Hakuna awezaye kuyavaa. Lakini kwa kuyafuata, kompyuta inaweza kuunda katika kumbukumbu yake vitambaa kumi au elfu, kila kimoja na urefu wake.

Sasa kuna njia mbili za kuviunda. Katika njia ya kwanza, mwandishi hutaja ndani ya programu: unda kaniki. Neno kaniki limekwisha kujulikana kabla programu haijaanza kutenda, na likikosewa, kosa huonekana mapema. Katika njia ya pili, mwandishi hasemi ni kitambaa gani. Husema: soma jina lililoandikwa katika orodha, tafuta maelezo yenye jina hilo, kisha unda kitu kwa maelezo hayo. Jina laweza kutoka katika faili, katika fomu iliyojazwa na karani, au katika ujumbe kutoka mji mwingine. Programu haijui itaunda nini mpaka isome. Faida yake ni kubwa, maana kitambaa kipya kikiletwa sokoni mwakani, hapana haja ya kuiandika programu upya. Huongezwa maelezo ya kitambaa hicho, na jina lake huandikwa katika orodha. Hatari yake nayo si ndogo, nasi tutaifikia.

Njia ya misafara kuwa mizani

Ili kupima maneno, hapana budi tuwe na mfano ambao sote twaufahamu bila kompyuta. Nimeuchukua kutoka njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, au ikakata kwenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Tabora ilikuwa kituo cha katikati. Hapo misafara ilivunjwa na kuundwa upya, wapagazi wa pwani wakaachiliwa, wengine wakaajiriwa, na mali ikawekwa katika maghala ya tembe ikingoja kuagizwa.

Biashara ya njia hiyo iliendeshwa kwa majina. Mfanyabiashara wa Unguja hakuweza kuona alichokihitaji mtu wa Ujiji. Alikuwa na orodha tu: merikani doti kadhaa, kaniki doti kadhaa, samisami frasila kadhaa. Doti ilikuwa shuka mbili, yaani mikono minane ya kitambaa. Frasila ilikuwa kiasi cha ratli 35, na mzigo wa mpagazi ulikuwa karibu frasila mbili. Aliyepokea orodha Unyanyembe alisoma jina, akaenda ghalani, akatoa kitu chenye jina hilo. Aliyeandika na aliyetoa hawakuonana. Kilichowaunganisha ni jina, na makubaliano kwamba jina hilo lina maana moja huku na huko.

Mizani hii ina ubora mwingine: ilikuwa kali. Henry Morton Stanley alipojitayarisha kwa safari yake ya mwaka 1871 ilimbidi ajifunze kwanza ushanga upi unakubaliwa wapi. Wanyamwezi walitaka mwekundu, ule wa samisami. Mweusi ulipita Ugogo, lakini kwingineko haukuwa na thamani. Sungomaji, ushanga mkubwa mfano wa yai, ulifaa Ujiji na ng'ambo ya ziwa, kwingine ukakataliwa. Tena neno merikani lilikuwa jina la kitambaa cha pamba kilichotoka Marekani, na pia jina la ushanga mweupe. Mwenye kuandika 'merikani' bila kueleza ni kitambaa au ni ushanga alijitafutia balaa safari ya miezi mitatu kutoka pwani.

Nahadharisha jambo moja kabla ya kuendelea. Njia hiyo haikupitisha vitambaa na shanga tu. Ilipitisha pia watu waliouzwa, waliohesabiwa pamoja na bidhaa. Kwa hiyo katika makala haya vitu vitakavyokuwa mfano ni vitambaa na shanga, wala si watu. Huo si unyenyekevu wa bure. Tutaona kwamba unagusa uteuzi wa istilahi yenyewe.

Maneno yanayoshindana

Mfasiri afunguaye kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kutafuta 'class' atakuta darasa, tabaka na aina. Kila moja lina wafuasi wake, na yafaa lichunguzwe peke yake.

Darasa ni mahali au mkutano wa kufundishwa. Watu huingia darasani na kutoka, huhama darasa moja kwenda jingine, na darasa likikosa watu huwa chumba kitupu. Dhana yetu haina hata moja katika hayo. Kaniki haiingii katika maelezo ya kaniki, wala haitoki humo ikahamia katika merikani. Mwalimu akimwambia mwanafunzi 'unda kitu kutoka darasa la Kaniki', mwanafunzi atafikiri juu ya chumba na waliomo. Neno lenyewe halina kosa. Limewekwa mahali pasipo pake kwa sababu tu Kiingereza kina neno moja kwa mambo mawili. Umaskini wa Kiingereza hauna sababu ya kuwa umaskini wetu.

Tabaka humaanisha vitu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na katika maarifa ya jamii humaanisha wakubwa na wadogo. Fani ya kompyuta inalihitaji neno hilo kwa kazi nyingine, maana mawasiliano ya mitandao huelezwa kwa tabaka zilizolaliana hasa. Tukilitumia hapa tutakuwa tumemnyang'anya mwenye haki.

Aina ni zuri zaidi, na walio wengi wangeridhika nalo. Lakini fani hiyo ina dhana nyingine iliyokwisha kulichukua: namba nzima ni aina, ukweli na uongo ni aina, mfuatano wa herufi ni aina. Tulijaribu kwa sentensi moja ambayo kila mwalimu wa programu hana budi kuisema siku moja: kila 'class' ni aina, lakini si kila aina ni 'class'. Tukiweka aina pande zote mbili tutapata: kila aina ni aina, lakini si kila aina ni aina. Istilahi inayogeuza kweli kuwa upuuzi haiwezi kupitishwa, hata ikiwa tamu kiasi gani.

Linabaki neno ambalo halimo katika kamusi za namna hiyo kwa maana hii, nalo ni ngeli. Wajuzi husema tumelipata kutoka Kihaya, ambako maana yake ni namna au aina; nasi tumelizoea katika sarufi. Kwa kufuata utaratibu wetu wa kutafuta istilahi, kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha kwingineko, ngeli imekwisha pita milango miwili ya kwanza.

Lakini je, inafanya kazi? Turudi njiani. Watu wa misafara walikuwa na shina -gogo. Wakiliweka katika ngeli ya watu walipata Mgogo na Wagogo. Katika ngeli ya nchi, Ugogo. Katika ngeli ya lugha, Kigogo. Kadhalika -nyamwezi: Mnyamwezi, Unyamwezi, Kinyamwezi. Hawakuhitaji kufundishwa kila jina peke yake. Walipofika nchi wasiyoijua, walisikia shina, wakalitia katika ngeli, jina likazaliwa pale pale likiwa na tabia zake zote: Mnyamwezi amefika, Unyamwezi umepata mvua, Kinyamwezi kinasemwa. Upatanisho haukutungwa upya. Ulikuja pamoja na ngeli. Nchi ambayo wenyewe waliiita Buganda iliitwa Uganda katika vinywa vya watu wa njia hiyo, na jina hilo leo ni la taifa zima. Basi ngeli haipangi tu maneno yaliyokwisha kuwapo, kama wasemavyo wapinzani wake. Ngeli huzaa, na kinachozaliwa hurithi tabia. Hiyo ndiyo kazi hasa ya dhana tunayoitafutia jina.

Wako watakaosema kwamba mwanafunzi atachanganya ngeli ya sarufi na ngeli ya programu. Hofu hiyo sioni msingi wake. Tawi ni la mti, tena ni la benki, na hapana aliyewahi kupanda mti akitafuta fedha zake. Neno moja laweza kuhudumia fani mbili ikiwa wazo la ndani ni moja. Ubaya ni pale mawazo yanapokuwa mbalimbali, kama darasa lilivyo.

Kitu, mfano na kiundwa

Kwa 'object' wengi huandika kitu, na kwa 'instance', ambayo ni kitu hicho hicho kikitazamwa kwa upande wa ngeli yake, huandika mfano. Mfano ni neno la kutupilia mbali mara moja. Mfano huchaguliwa ili kueleza kingine, ilhali doti ya kaniki iliyomo ghalani haielezi chochote. Ipo tu, na ina mwenyewe. Mwanafunzi akiambiwa 'unda mifano mitatu', ataandika maelezo matatu, naye atakuwa ametii.

Kitu si baya, ila lina kasoro mbili. Ni pana mno, maana katika programu kila kilichomo ni kitu kwa maana ya kawaida. Tena halina adabu pale ngeli inapohusu watu. Programu nyingi za serikali zina ngeli za Mwanafunzi, Mgonjwa, Mtumishi. Kuandika 'kitu cha ngeli Mgonjwa' katika lugha ambayo kumweka mtu katika ki- na vi- aghalabu ni kumtweza, ni kumlazimisha msomaji ajikaze kila mara asisome vibaya. Na sisi tuliosoma habari za njia ya Tabora tunajua mtu aliyeitwa kitu alifikia wapi. Programu haishiki mgonjwa mwenyewe. Inashika kumbukumbu iliyoundwa juu yake, na istilahi njema yapasa iseme hivyo.

Napendekeza kiundwa, wingi viundwa, kutoka kitenzi kuunda. Umbo lake latokana na kauli ya kutendwa, kwa njia ile ile iliyotupa mtendwa. Kiundwa chatangaza kwamba hakikuwapo, kikaundwa. Chatenganisha kumbukumbu na mtu. Tena chafungamana na kitenzi chake, hata mwanafunzi aone katika neno moja tendo na matokeo. Kwa 'instance' hatuhitaji neno la pili. 'Kiundwa cha ngeli Kaniki' yatosha.

Juu ya 'string', yaani herufi zilizopangwa kwa mfululizo, kamusi hutoa uzi na kamba. Uzi ndio ulioshika shanga, lakini hakuna aliyelipwa uzi. Alilipwa shanga zilizotungwa. Kiswahili kina kutunga shanga, kutunga samaki na kutunga shairi, na kilichotungwa chaitwa utungo. Utungo wa herufi ni neno lililokuwapo muda wote, likingoja kuitwa.

Neno la mwisho katika kikundi hiki ni 'dynamic'. Nimeona likifasiriwa kuwa 'wenye nguvu', na 'uundaji wenye nguvu' umekuwa ukiwatatiza wasomaji, ambao huuliza nguvu hizo zatoka wapi. Hakuna nguvu hapa. Jambo ni wakati: uamuzi wa kuunda nini haufanywi programu inapoandikwa, hufanywa programu inapotenda. Basi tuseme hivyo: uundaji wakati wa utendaji. Ni maneno matatu badala ya moja, lakini hayamdanganyi mtu.

Jina liitalo na jina lielezalo

Hadi hapa tumepima maneno ya kuzungumzia programu. Kuna jambo zito zaidi linalowahusu wafasiri moja kwa moja, nalo ni majina yaliyomo ndani ya programu.

Binadamu husamehe majina. Richard Burton na John Hanning Speke walifika tarehe 7 Novemba 1857 katika mji wa wafanyabiashara wa Unyanyembe, wakauandika kwa jina Kazeh. Wengine waliofuata waliandika Unyanyembe, ambalo ni jina la nchi nzima ya mtemi. Stanley na Livingstone walikaa pamoja mwaka 1872 katika tembe ya Kwihara, karibu na hapo. Na Wajerumani walipoleta reli mwaka 1912 ilifika Tabora. Msomaji wa historia hupatanisha majina hayo kwa akili yake. Kompyuta haina akili hiyo. Ikiwa ngeli imeandikwa Tabora na orodha imesema Kazeh, haitapatikana. Ikiwa orodha imesema tabora kwa herufi ndogo, katika lugha nyingi za programu haitapatikana pia.

Hivyo katika programu kuna majina ya namna mbili, na kwa kuwa hatukuwa na istilahi za kuyatenganisha, tumeyachanganya. Kuna jina lielezalo, ambalo binadamu husoma kwenye kioo: kichwa cha fomu, neno la kitufe, onyo. Hilo mfasiri analiandika kwa Kiswahili fasaha apendavyo. Na kuna jina liitalo, ambalo mashine hulitumia kutafuta ngeli na kuunda kiundwa. Hilo halifasiriwi wala halisanifiwi, hata tahajia yake ikiwa mbaya, mpaka libadilishwe siku moja katika kila mahali linapotajwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa OpenOffice ya Kiswahili, iliyoitwa Jambo, kazi ya namna hiyo iliwezekana kwa sababu majina yaelezayo yalitengwa na majina yaitayo. Mtumiaji aliona Kiswahili, na mashine ikaendelea kuita majina yake ya zamani. Mfasiri asiyejua tofauti hiyo akifasiri orodha nzima kwa bidii yake yote, ataua programu, na hatajua aliiua vipi.

Hapa yapasa tutaje pia dhulma moja ndogo inayofanywa na zana za kigeni. Katika mfumo uitwao Ruby on Rails, uliotolewa mwaka 2004, programu huchukua jina la ngeli na kulitia katika wingi ili kupata jina la jedwali la kumbukumbu. Wingi huo ni wa Kiingereza. Mwandishi wetu akiita ngeli yake Mzigo, mashine itatafuta jedwali la 'mzigos'. Akiiita Mpagazi, itatafuta 'mpagazis'. Dawa ipo, maana mfumo huo hukubali kufundishwa wingi mwingine, mzigo kuwa mizigo na mpagazi kuwa wapagazi. Lakini wengi hawajui, nao huamua kuacha Kiswahili na kuandika majina ya Kiingereza, wakiamini kwamba lugha yao haifai kwa kazi hiyo. Lugha inafaa, kilichokosekana ni mtu wa kuieleza mashine ngeli zetu. Walimu wa Kiswahili na waandishi wa programu wakikaa meza moja kwa siku chache, jambo hilo litakwisha.

Jina la mgeni

Niliahidi kueleza hatari. Ghala la Unyanyembe lilikuwa salama maadamu mtunza ghala alitoa tu vitu alivyokuwa navyo na alivyovijua. Fikiri sasa mtunza ghala aliyeagizwa hivi: jina lolote litakalokuja, hata kama halimo ghalani, litafute popote ulimwenguni, ulilete, na ulifungue ndani.

Hayo ndiyo yaliyotokea mwezi Desemba 2021. Ilifichuliwa kwamba Log4j, kifaa cha kuandikia kumbukumbu za matukio kilichotumika katika programu nyingi mno za lugha ya Java duniani, kiliweza kudanganywa kwa utungo wa herufi tu. Mtu wa nje alituma maneno ya kawaida, mathalani mahali pa kuandika jina lake, yakiwa na anwani ndani yake. Kifaa, badala ya kuyaandika tu kama maneno, kiliyachukua kuwa wito: kikaenda kwenye anwani ile, kikaleta ngeli iliyotungwa na adui, na kuitia kazini ndani ya nyumba. Makampuni na serikali nyingi zilikesha zikitengeneza.

Tazama jinsi kosa hilo lilivyo kosa la majina. Neno lililopaswa kuwa jina lielezalo liligeuzwa kuwa jina liitalo. Kinga yake inajulikana: programu iwe na orodha ya majina yaruhusiwayo, na jina lisilomo likataliwe bila mjadala. Kwa Kiswahili tuiite daftari la ngeli. Mwalimu atakayefundisha uundaji wakati wa utendaji bila kufundisha daftari la ngeli katika somo lile lile, atakuwa amempa mwanafunzi ufunguo bila kumwonyesha kitasa.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, yafuatayo yatolewa ili yajadiliwe:

1. Ngeli itumike kwa maelezo yanayozaa viundwa. Darasa na tabaka yaachwe katika matumizi hayo, na aina ibaki kwa dhana pana ya aina za thamani.

2. Kiundwa (viundwa) kitumike badala ya kitu na mfano. Pale ngeli inapohusu watu, kitu kisitumike kabisa.

3. Utungo wa herufi utumike badala ya uzi na kamba.

4. Uundaji wakati wa utendaji utumike badala ya uundaji wenye nguvu.

5. Jina liitalo na jina lielezalo yatenganishwe katika kila kazi ya kufasiri programu, na mfasiri akabidhiwe yale yaelezayo peke yake.

6. Daftari la ngeli liwe istilahi ya orodha ya majina yaruhusiwayo kuita.

7. Majina ya ngeli yaandikwe katika umoja, Mzigo wala si Mizigo, na yakihitaji sifa ya kuyatofautisha iwekwe: KitambaaMerikani, UshangaMerikani.

Katika hayo saba, la pili ndilo ninalotarajia kupingwa zaidi, kwa kuwa kitu ni neno jepesi na kiundwa ni kipya. Mwenye neno bora asisite kulileta, mradi alijaribu kwanza kwa sentensi kamili za kazi, kama tulivyofanya kwa aina, wala asitutumie neno likiwa peke yake. Walimu wanaofundisha uandishi wa programu wanaombwa wayatumie maneno haya kwa muhula mmoja, kisha wataje ni lipi wanafunzi waliliuliza maana yake mara mbili. Orodha ya maneno hayo yaliyoulizwa ndiyo itakayotusaidia kusanifu.